Bao huanzia katikati ya uwanja

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo hutajwa kila mara timu inapofungwa, na wanaoitaja mara nyingi hukusudia kuumaliza mjadala ili watu watawanyike na kurudi makwao. Wapenzi wa kandanda wa Masasi na Newala wamekubali kwamba Timu ya Taifa, Taifa Stars, ilishindwa. Jambo ambalo hawakulikubali ni kunyamaza. Nao wana haki, kwani kushindwa kusikojadiliwa hujirudia.

Na kweli kumejirudia. Tarehe 22 Agosti, 2025, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa mjini Dar es Salaam, Taifa Stars ilifungwa na Morocco bao 1-0 katika robo fainali ya mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za ndani za Afrika. Haikupita hata miezi mitano. Tarehe 4 Januari, 2026, mjini Rabat, Taifa Stars ilikutana tena na Morocco katika raundi ya timu 16 bora za Fainali za Mataifa ya Afrika, ikafungwa tena bao 1-0. Mara zote mbili bao lilipatikana katika kipindi cha pili, na mara zote mbili Tanzania haikupata hata bao moja la kujibu.

Kwa watu wa Masasi kipigo cha kwanza kilikuwa na uchungu wa pekee. Uwanja huo mkubwa kuliko vyote nchini, wenye viti vipatavyo 60,000, unalo jina la mwana wa Lupaso, wilayani Masasi, aliyezaliwa huko mwaka 1938 na kuwa Rais wa Awamu ya Tatu. Mcheza kwao hutunzwa, na siku hiyo Taifa Stars ilicheza kwao. Ilitunzwa kwa nderemo na vifijo vya maelfu ya watu, lakini bao halikupatikana.

Yapo mawazo ya aina tatu katika mazungumzo ya mashabiki. Wa kwanza wanasema kosa ni la washambuliaji. Mshambuliaji, wanadai, kazi yake ni moja tu, nayo ni kufunga, na asiyefunga hana budi kumpisha mwingine. Wa pili wanasema kosa ni la viungo. Hao ndio wanaopokea mpira na kuurudisha nyuma, kisha kuupeleka pembeni, kisha kuurudisha nyuma tena, hata wapinzani wakapata nafasi ya kujipanga. Wa tatu wamechoshwa na mabishano yote hayo. Wanataka walinzi wapige mpira mrefu mbele, wenye mbio waukimbilie, na yaliyobaki aachiwe Mungu.

Kila upande una chembe ya ukweli. Hata hivyo ukweli wa kandanda haupimwi kwa sauti ya msemaji. Hupimwa kwa yaliyotokea uwanjani, nayo yanajulikana.

Katika hatua ya makundi ya CHAN, Taifa Stars ilicheza mechi nne. Iliifunga Burkina Faso 2-0, ikaifunga Mauritania 1-0, ikaifunga Madagascar 2-1, kisha ikatoka sare ya 0-0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Jumla ni mabao matano ya kufunga na moja la kufungwa. Mabao hayo matano yalitoka wapi? Moja lilikuwa la mkwaju wa penalti, uliopigwa na Abdul Suleiman, maarufu kwa jina la Sopu. Mawili yalifungwa na mabeki wa pembeni, Mohamed Hussein na Shomari Kapombe, na lile la Kapombe lilipatikana dakika za mwisho kabisa. Mawili yaliyobaki yalifungwa na mshambuliaji Clement Mzize, yote katika mechi moja dhidi ya Madagascar. Tangu mabao hayo mawili ya Mzize, Taifa Stars haikufunga tena hadi ilipotolewa.

Ni haki kuongeza kwamba sare ya 0-0 ilikuja wakati nafasi ya robo fainali ilikwisha kupatikana. Ni haki pia kukumbuka kwamba Madagascar iliyofungwa na Taifa Stars ilifika fainali mjini Nairobi, na ikafungwa na Morocco kwa taabu, 3-2. Kwa hiyo tofauti kati ya Tanzania na wakubwa wa mashindano hayo haikuwa kubwa kama uchungu wa kipigo unavyoionyesha.

Lakini hesabu ile ya mabao matano inasema neno zito. Beki anapokuwa mfungaji kama mshambuliaji, ni sifa kwa beki, na papo hapo ni swali kwa waliosimama kati yake na mshambuliaji. Mpira ulifika langoni kwa kuzungukia pembeni au kwa adhabu ya mwamuzi. Mara chache ulifika kwa kupita katikati, kwa pasi ya kiungo aliyemwona mwenzake kabla mlinzi hajamwona.

Kumlaumu mshambuliaji peke yake, basi, si haki. Mshambuliaji asiyeletewa mpira ni kama mpishi asiyeletewa unga. Akirudi nyuma kuutafuta, mashabiki humuuliza kwa nini hayuko langoni. Akibaki langoni, humuuliza kwa nini amesimama tu. Wala hamwezi kumwokoa yule anayetaka mpira mrefu. Timu yenye walinzi warefu na waliotulia huupokea mpira huo kwa kichwa na kuurudisha, na viungo wakiwa wamerukwa na mpira angani hawawezi kuwa karibu kuuokota.

Kazi ya kiungo ni tatu: kuupata mpira, kuutunza na kuutoa. Haki itendeke: viungo wa Taifa Stars walifanya vizuri kazi ya kwanza. Timu iliyofungwa mabao mawili tu katika mechi tano za CHAN haikulindwa na mabeki na mlinda mlango peke yao. Kazi ya pili waliifanya kwa kiasi. Iliyopungua ni ile ya tatu, kuutoa mpira mbele kwa wakati wake. Na kazi hiyo haimhusu kiungo peke yake. Ili atoe pasi ya mbele ni lazima mbele yake wawepo watu wawili au watatu wanaokwenda, wala si mmoja aliyezungukwa na walinzi wanne. Ni lazima pia nyuma yake awepo wa kuziba pengo iwapo pasi itanaswa. Timu inayoogopa kufungwa huwaweka watu wake nyuma, na mwenye mpira akiinua macho haoni wa kumpa. Hapo kuurudisha nyuma huwa busara, ingawa jukwaa linazomea.

Watu wa uwanda wa Makonde hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa mbali. Katika vinyago vya mpingo vya Wamakonde umo ule uitwao ujamaa, ambao watu wengi wamechongwa katika gogo moja, huyu amesimama juu ya bega la yule. Mtazamaji huvutiwa na aliye juu kabisa. Lakini mchongaji anajua kwamba wa juu anabebwa na walio katikati, na kwamba ukiwaondoa hao, wa juu huanguka. Mfungaji ndiye huyo wa juu.

Ushahidi wa upande wa pili ulipatikana katika fainali za Morocco zenyewe. Taifa Stars ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake baada ya kutoka sare ya 1-1 na Tunisia, na bao lililoivusha lilifungwa na kiungo, Feisal Salum. Kiungo alipopata uhuru wa kwenda mbele, nchi nzima ilishangilia.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni ya kocha, na kwamba kocha akibadilishwa mambo yatabadilika. Historia haiwaungi mkono. Katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 mjini Lagos, Tanzania ilifunga mabao matatu katika mechi tatu. Katika fainali za 2019 nchini Misri ilifunga mawili. Katika zile za 2023, zilizochezwa Januari na Februari 2024 nchini Ivory Coast, ilifunga moja. Mechi tisa, mabao sita, wala hakuna ushindi hata mmoja. Makocha walikuwa mbalimbali, wachezaji walikuwa wa vizazi mbalimbali, lakini upungufu ulikuwa ule ule. Upungufu unaorithiwa namna hiyo haukuzaliwa katika chumba cha kubadilishia nguo. Umezaliwa mahali pengine, nako ni kwenye viwanja ambako watoto hujifunzia mpira.

Hapo ndipo mjadala wa Masasi na Newala unapopaswa kuelekea. Mkulima wa korosho hangojei siku ya mnada ndipo aukague mkorosho wake. Anajua kwamba kilo zitakazopimwa ghalani ziliamuliwa miezi mingi nyuma, wakati wa kupalilia na wakati wa kupuliza salfa ili maua yasiliwe na ubwiriunga. Aliyezembea wakati huo hawezi kulipa deni kwa kuitukana mizani. Vivyo hivyo, kiungo anayeweza kuupokea mpira akiwa amezungukwa na wapinzani, na kuugeuza kwa mguso mmoja, hatengenezwi kambini kwa wiki mbili. Samaki mkunje angali mbichi.

Wilaya hizi zinalo somo lao wenyewe. Timu ya Ndanda, yenye jina la mji ulio wilayani Masasi, ilipanda Ligi Kuu katika msimu wa 2014/2015, na kusini yote ikafurahi. Mechi zake za nyumbani ilizichezea Mtwara mjini, katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Ilidumu Ligi Kuu kwa misimu sita, kisha ikashuka mwishoni mwa msimu wa 2019/2020. Wakati wa kupanda ilishangiliwa, na wakati wa kushuka ililaumiwa. Swali lililostahili kuulizwa tangu siku ya kwanza ni hili: je, nyuma ya timu hiyo kulikuwa na vijana wangapi wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu waliokuwa wakiandaliwa kuirithi? Timu isiyo na chemchemi yake hununua maji kila siku, na wakazi wa uwanda wa Makonde wanaijua vizuri gharama ya maji ya kununua.

Kipaji si haba. Kila jioni watoto hucheza mpira kwenye mchanga chini ya mikorosho. Wanachokosa ni mwalimu wa kuwaambia kwamba kupiga chenga watu watatu kisha kupoteza mpira ni hasara, na kwamba pasi fupi iliyofika ni mali. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo mwaka 2021 yalifanyika mkoani Mtwara, huonyesha vipaji kwa siku chache. Mwaka una siku 365. Mtoto aliyeonekana Juni asipofundishwa Julai, ameonekana bure.

Yapo mambo yanayowezekana bila kungoja fedha nyingi. Vyama vya mpira vya wilaya viendeshe ligi za watoto zinazochezwa mwaka mzima, na si kombe la wiki moja. Shule zilinde viwanja vyake visimegwe kwa majengo na maduka. Walimu wanaosomea Chuo cha Ualimu Kitangali, wilayani Newala, wapewe nafasi ya kujifunza ukocha wa watoto, kwa maana wao ndio watakaokaa na mtoto huyo siku zote. Halmashauri na vyama vya ushirika, ambavyo hukusanya nguvu za wakulima wakati wa mauzo ya korosho, visione mpira wa watoto kuwa anasa. Nao mashabiki, wanaojua kutaja kwa moyo majina ya viungo wa Uingereza na Hispania, wajue pia majina ya vijana wa kata yao, na siku ya mechi yao wafike uwanjani.

Jambo la mwisho ni lugha. Mjadala wa mbinu ni mali ya mashabiki, na hakuna mwenye haki ya kuwanyang'anya. Matusi kwa mchezaji si mjadala. Kijana aliyekosa bao mbele ya watu 60,000 anajua alichokosa kuliko anayemtukana. Akitukanwa, mechi ijayo hatajaribu tena; atautoa mpira pembeni ili lawama zimpate mwingine. Timu ya watu wanaokwepa lawama haiwezi kufunga.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Mashindano hayo yako karibu mno kwa mtoto wa miaka 12 anayecheza leo Newala. Yeye ni wa mashindano yatakayofuata. Lakini asipoanza kufundishwa sasa jinsi ya kuupata mpira, kuutunza na kuutoa kwa wakati wake, mashabiki wa Masasi na Newala watakusanyika tena siku moja baada ya filimbi ya mwisho, waulizane tena kama kosa ni la kiungo au la mshambuliaji, na jibu litakuwa lile lile.