Kongwa Yatufundisha Kupima Tunachokijua

Mtumishi wa umma anapoulizwa na mkubwa wake kama analijua jambo fulani, ni nadra kujibu kwamba halijui. Huona haya, hukisia. Na makisio yakishapigwa mhuri huitwa taarifa. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Ushahidi tunao hapa hapa Mkoa wa Dodoma. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma wataalamu watatu kuchunguza kilimo cha karanga katika Afrika Mashariki. Kiongozi wao, John Wakefield, alikwisha kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Hakuwa mgeni wala mjinga. Baada ya wiki chache tu za kuzunguka, walishauri zilimwe ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, bila kutangulizwa shamba la majaribio la kutosha. Mvua haikutosha, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, karanga zikakwama ardhini. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Wagogo, wakulima wa uwele na mtama, waliijua vyema nchi hiyo. Njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920 walikwisha ipa jina lake, Mtunya. Lakini ujuzi wao haukuwa na mhuri.

Kosa la wataalamu wale halikuwa kukosa elimu. Lilikuwa kudhani kwamba anayejua mengi anajua na lile ambalo hajalijaribu.

Dawa yake twaijua. Katika kampeni ya kufuta ujinga, Tanzania haikuridhika na kauli ya mtu mzima kwamba anajua kusoma. Mwezi Agosti 1975 wanakisomo walitahiniwa nchi nzima, wakapangwa kwa hatua kulingana na walichoweza kufanya.

Basi mwalimu asitosheke na kuuliza, "Mmeelewa?" na kujibiwa, "Ndiyo, Mwalimu." Ampe mwanafunzi chaki, aende ubaoni. Naye ofisa atenganishe katika taarifa yake aliyoyaona, aliyoyasikia na aliyoyakisia. Na mkubwa anayeipokea asimwadhibu anayeandika, "Hili sijalijua". Kwani akimwadhibu huyo, kesho ataletewa Kongwa nyingine.