"Ajali Haina Kinga": Msemo Tuliouweka Mahali Sipo

Kila pakitokea msiba wa ghafula hapa kwetu pwani, uwe wa moto, wa chombo kuzama au wa kijana kuanguka mnazini, hapakosi mtu mzima barazani wa kukata maneno: ajali haina kinga. Wenzake huitikia, kahawa humiminwa, na mazungumzo hugeukia jambo jingine. Mimi sina ugomvi na msemo huo kwa kuwa ulikusudiwa kumpoza aliyekwisha fikwa, asijilaumu mpaka akaugua. Ugomvi wangu ni kwamba tumeutoa matangani tukaupeleka kazini na jikoni. Siku hizi mtu huusema kabla ya ajali, wakati bado ana nafasi ya kuizuia.

Ili nisiseme mambo ya hewani, nawaomba wasomaji twende pamoja mbali kidogo, hadi kaunti za Migori na Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria. Nimeuchagua upande ule makusudi. Kazi mbili mashuhuri za kule, uchimbaji wa dhahabu na uvuvi wa dagaa, zina hatari ambazo saa yake inajulikana, mahali pake panajulikana, na sababu yake inajulikana. Ikiwa hata huko hapana kinga, basi mimi nitanyamaza.

Tuanze Migori. Dhahabu ya huko si habari ya jana. Wakoloni waliichimba tangu miaka ya 1930, na mgodi wa Macalder, katika Nyatike, ulifungwa mwaka 1966. Kampuni ilipoondoka wenyeji walibaki na ardhi na ujuzi, na hadi leo maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, hupata riziki zao kwa sururu na karai katika sehemu kama Osiri Matanda na Mikei.

Hatari inayotajwa na kila mtu ni ya shimo kuporomoka. Mchimbaji huteremka akifuata mwamba wenye dhahabu. Mwamba ukikata kona naye hukata kona, na magogo ya kuegemezea kuta huwekwa kwa kadiri ya fedha iliyopo, si kwa kadiri ya udongo ulivyo. Masika yakija udongo hulainika, na hakuna mchimbaji asiyelijua hilo. Ng'ambo ya ghuba, huko Abimbo katika kaunti ya Siaya, shimo lilifukia wachimbaji mwezi Desemba 2021. Wengi waliokolewa, lakini mmoja alikaa chini ya ardhi kwa miezi mingi kabla ya mwili wake kupatikana.

Hata hivyo kifo cha shimoni kina kishindo. Watu hukimbia, magazeti huandika, wakubwa huja kutazama. Hatari ninayotaka tukae nayo zaidi ni ile isiyo na kishindo, nayo ni zebaki.

Jiwe likishasagwa, unga wake hutiwa maji na zebaki ndani ya karai, ukakorogwa, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki huzishika chembe za dhahabu zikawa donge moja. Donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa, kisha hutiwa motoni. Zebaki huruka kuwa mvuke na dhahabu hubaki. Kazi ya karai aghalabu hufanywa na wanawake, na moto ulio karibu nao ni wa jiko la nyumbani. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Hauwashi macho kama moshi wa kuni, wala hauleti kikohozi cha mara moja cha kumfanya mtu akimbilie nje. Humwingia mama kwa pumzi, humwingia mtoto aliye mgongoni, na kwa mja mzito humfikia aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengeka. Hudhuru mishipa ya fahamu na mafigo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua. Na kwa kuwa mambo hayo huja polepole, miaka kwa miaka, watu husema ni uzee, au ni malaria, au ni jicho la mtu. Zebaki nyingine hunasa ukutani, darini na ndani ya sufuria, ikaendelea kutoka kidogo kidogo hata siku ambazo hapana dhahabu inayochomwa.

Si siri mpya hii. Wajapani waliijua kwa machungu katika mji wa Minamata, ambako mwaka 1956 palithibitishwa ugonjwa wa watu waliokula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na zebaki ya kiwanda. Mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki, ulioanza kutumika Agosti 2017, umepewa jina la mji huo, na machimbo madogo ya dhahabu yametajwa ndani yake waziwazi. Nasi tukumbuke kwamba mto Migori huungana na mto Kuja na kumwaga maji yake ziwani. Zebaki ikifika majini hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi, ikapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, mpaka sahanini.

Sasa kinga yake ni nini? Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na mrija, kinachounasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki tena, ambayo mwenyewe anaweza kuitumia upya. Wachimbaji wa Benguet, huko Ufilipino, wametumia boraksi badala ya zebaki kwa miaka mingi. Lakini hata kabla ya kufika huko, kuna hatua isiyogharimu senti: kutochoma donge ndani ya nyumba, kutolichoma mbele ya watoto, na kutoipikia sufuria iliyowahi kuingia zebaki. Hatua hiyo haimalizi hatari, ila huitoa jikoni. Kinachoizuia ni ule mwenendo wetu sote, kwamba jambo ulilolifanya mara 100 bila ya kuanguka chini unaliona ni salama. Wazee walisema mazoea yana tabu.

Tukipanda kaskazini tunaingia Homa Bay, kwenye Mbita, Rusinga na Mfangano, kwa watu wa ziwa. Hapa wasomaji wa pwani watajiona wako nyumbani, maana mambo ni ya ngalawa na upepo. Dagaa wa ziwani, ambao Wajaluo huwaita omena, huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza usio na mbalamwezi. Zamani walivutwa kwa karabai, siku hizi zaidi kwa taa za betri na za jua. Samaki huifuata taa, wavu huteremshwa.

Tatizo ni kwamba saa ya dagaa ndiyo saa ya dhoruba. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kwenda bara, na mvua hunyesha vilimani. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, upepo wa kila upande hushuka ziwani, ndugu ya umande wetu wa alfajiri, lakini huko hushuka kutoka pande zote za ziwa moja. Pepo zikikutana katikati hazina pa kwenda ila juu, na hewa ile yenye unyevu huzaa mawingu ya radi. Kwa hiyo baina ya usiku wa manane na kucha, wakati mashua zimetawanyika na taa zao, ndipo tufani hupenda kupiga. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka katika Ziwa Viktoria kwa ajali za majini, kwa nchi zote tatu. Hata tukipunguza nusu kwa kushuku makadirio, bado ni msiba ambao ungetokea mara moja dunia nzima ingesimama. Kwa kuwa hutokea watatu leo na wanne kesho, hakuna anayesimama.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa ziwa, na simu iko mfukoni mwa kila mvuvi. Jaketi za kuelea nazo zipo madukani. Lakini jaketi mara nyingi hubaki nyumbani, au hukunjwa ikawa mto wa kukalia, kwa hoja kwamba inabana mikono wakati wa kuvuta wavu. Mashua ikipinduka gizani hakuna anayepata nafasi ya kuitafuta na kuifunga kamba.

Najua watakaosema kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mvuvi asipotoka leo watoto hawali leo, na tufani huenda isije. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Njaa ni hatari ya hakika, dhoruba ni hatari ya huenda. Ila tuitazame vizuri. Hoja ya njaa inaeleza kwa nini mtu ametoka. Haielezi kwa nini ametoka bila jaketi, wala kwa nini donge la zebaki limechomwa ndani badala ya uani.

Wengine, hasa sisi Waislamu, tuna jibu la kadari. Hapo pia tunaitumia dini kinyume chake. Kila mtoto wa chuoni amesimuliwa habari ya mwenye ngamia aliyefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Na Sayyidna Umar, alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alishauriana na masahaba akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari moja kuingia nyingine, zote za Mwenyezi Mungu. Mtu huyo hakuwa dhaifu wa imani.

Wala tusiwanyooshee kidole watu wa bara kana kwamba sisi tumepona. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka hapa Mombasa, watu 272 wakafa. Kilikuwa kimepakia watu kupita uwezo wake, mchana kweupe, na kila aliyekuwa gatini aliona kimejaa. Majumbani mwetu tunaingiza jiko la makaa chumbani usiku wa mvua, madirisha tukayafunga, nalo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, sawasawa na ile ya jikoni Nyatike. Asubuhi jirani huvunja mlango, na barazani husemwa yale yale.

Liko jambo moja zaidi ambalo msemo huu hulificha, nalo ni la haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, inamtaka mwenye mahali pa kazi azipime hatari za mahali hapo na achukue hatua. Kiwandani anajulikana ni nani. Lakini mwenye mahali pa kazi katika ghuba ya Homa Bay ni nani? Mashua ni ya mtu mmoja, injini pengine ya mwingine, wavuvi ni vibarua wa mafungu: wakipata wanagawana, wakikosa wamekosa. Mwenye mashua hulala kwake. Vivyo hivyo mwenye shimo Migori, na mnunuzi wa dhahabu anayemletea mama zebaki kwa mkopo. Hasara ya chombo ni yao, lakini ya roho si yao, na wanapoambiwa kwamba ajali haina kinga huitikia upesi kuliko wote.

Kila mwalo wa ziwani una kamati ya ufuo inayotambuliwa na serikali, yenye daftari la mashua na wavuvi wake. Kamati hizo hujua nani anatoka na nani harudi. Zinaweza kuamua kwamba mashua haisukumwi majini jioni mpaka jaketi zihesabiwe pamoja na nyavu na mafuta, kila mtu na yake mwilini, na gharama yake ikatwe katika fungu la chombo kabla ya mafungu ya wavuvi, kama inavyokatwa bei ya petroli.