Mamba wa makaratasi si kupoteza muda

Hivi karibuni mzazi mmoja alinijia shuleni akilalamika. Binti yake wa miaka 11 alishinda Jumapili nzima jikoni akikata maboksi na kukoroga uji wa muhogo ili atengeneze mamba. Baba, mfanyabiashara anayevuka Mugina kwenda Manyovu kila wiki, akaona ni takataka, akamtia motoni. "Mwalimu, mimi nimemleta asome Kifaransa, siyo kuchezea makaratasi."

Nilimwelewa. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, mtoto wa wakimbizi wa 1972. Nilisoma kwa Kiswahili, na niliporudi Burundi 2009 nikakuta Kifaransa kimekaa mlangoni. Miaka miwili nilifundisha kwa aibu. Kwa hiyo hofu yake naijua. Lakini katika hili alikosea, nami nikamwambia hivyo, maana kazi ile niliitoa mimi.

Mamba wa kwanza wa binti huyo nilimwona. Mifupa ilikuwa waya na vijiti vya mwanzi vilivyofungwa kwa kamba za mgomba. Juu yake vipande vya magazeti na mifuko ya saruji, vimechovywa kwenye uji mzito na kubandikwa tabaka juu ya tabaka. Mgongoni visoda vilivyopondwa, meno mbegu za maboga. Mkia ulikatika! Alisahau kwamba mkia wa mamba ni karibu nusu ya urefu wake, na waya haukufika mwisho. Tumboni alivunda, kwa kuwa tabaka la tatu lilibandikwa kabla ya la pili kukauka. Makosa hayo aliyagundua mwenyewe, bila fimbo ya mtu. Huyo aliyechomwa alikuwa wa pili, na mkia wake ulikuwa imara.

Alimwita Gustave, kama yule mamba wa Ruzizi na Ziwa Tanganyika anayesimuliwa kuwa ameua watu wengi, ambaye hata mtego mkubwa wa chuma haukumnasa. Darasani kukawa na kelele. Yeye akisema mamba, wenzake wanasema ingona, mimi naandika neno la Kifaransa ubaoni. Mtoto aliyesoma madarasa ya mwanzo Kasulu, na ambaye muhula mzima hakufungua mdomo, siku hiyo aliuliza mkia unaitwaje kwa Kifaransa. Tena akauliza meno. Sijawahi kupata hayo kwa kukaririsha.

Ndugu zangu tuliorudi, tumezoea kumnunulia mtoto kazi ya mikono sokoni ili apeleke shuleni apate alama. (Walimu nao wanajua, wananyamaza.) Tunalipia uongo, kisha tunashangaa mtoto hawezi kupima wala kueleza kitu. Maboksi mnayoyatupa kila siku ya soko, unga kidogo wa muhogo na waya chakavu vinatosha. Mtoto aachwe afanye nyumbani, apewe siku 3 au 4 za kukausha, na mamba aning'inizwe juu, panya wanaupenda sana uji ule.

Baba yule hakuniomba radhi. Ila juzi alisimamisha baiskeli mbele ya shule akauliza ni maboksi gani yanafaa. Nikamjibu: ya sabuni ni magumu mno, alete ya biskuti.