DJ Kupima Biti kwa Kompyuta Siyo Ufeki, Waacheni wa Inyonga Wapime

Kuna maneno yanazunguka kwamba DJ anayepima spidi ya wimbo kwa kompyuta ni DJ feki, eti hana sikio. Jamani! Wengi wanaosema hivyo wako mjini na mashine za kisasa zinazowaonyesha namba zenyewe kwenye kioo. Wanatumia kitu kile kile, tofauti yao hawajui kama wanakitumia.

Sasa njoo Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, Katavi. Chukua DJ wa huku mwenye laptopu moja ya mtumba na flashi imejaa nyimbo za kila aina. Kapata tenda ya sendofu. Ukumbini kuna Wakonongo wenyeji, kuna wafugaji wa Kisukuma, kuna walimu na watumishi waliohamia, na kila meza ina muziki wake. Akiunganisha nyimbo mbili zikagongana, watu wanasimama katikati ya kucheza, kamati inanuna, na ile nusu ya hela iliyobaki inaanza kupigwa chenga. Mji wenyewe mdogo, sifa mbaya inafika kwenye harusi inayofuata kabla yake.

Programu ya kuhesabu biti ni kitu kidogo tu, na ikishaingia kwenye mashine haihitaji bando. Unacheza wimbo, unagonga kitufe kufuata ngoma. Yenyewe inapima muda kati ya gonga moja na lingine, inachukua wastani, halafu inagawa sekunde 60 kwa wastani huo. Ukigonga kila nusu sekunde, wimbo una mapigo 120 kwa dakika. Asiye nayo anaweza kuhesabu sekunde 15 kwenye simu akazidisha mara 4, ila akikosa pigo moja tu jibu limepotea kwa 4.

Kasheshe iko kwenye singeli. Muziki huu wa uswahilini Dar unakimbia mapigo 200 hadi 300, na programu nyingi zinazojipimia zenyewe hazitegemei spidi hiyo, kwa hiyo singeli ya 224 zinaweza kuisoma 112. DJ mvivu anaamini namba, anashangaa ukumbi umelipuka ghafla. Mjanja anajua 112 ndiyo mitaa ya amapiano, kwa hiyo anapita humo humo: pigo moja la amapiano linabeba mawili ya singeli, na mama wa bibi harusi anajikuta anakimbia bila kujua alianzia wapi. Hapo sikio na kompyuta vimefanya kazi pamoja.

Dansi la zamani ndilo gumu zaidi. Msondo na Sikinde walipiga kwa mikono, na wimbo ukifika kwenye kuchemka unaongeza mwendo. Namba moja ya wimbo mzima haisaidii kitu. Pima mwanzo peke yake, mwisho peke yake.

Na kazi hii ni ya mchana. Namba iandikwe mwanzoni mwa jina la faili, ili hata laptopu ikizima na flashi ikachomekwa kwenye ya kuazima, nyimbo zijipange zenyewe kwa spidi.

Anayewacheka na aende Inyonga Jumamosi moja. Apewe laptopu ile ile, flashi ile ile, saa nne usiku, kamati imekaa meza ya mbele.