Mwarobaini wa Posta hauchemshwi

Mwaka wa 17 huu nauza kahawa Posta, pembeni ya barabara ya Samora, chini ya mwarobaini. Juzi alikuja kijana na upembo na kiroba, akaanza kuangusha matawi.

"Mdogo wangu, unayapeleka wapi?"

"Kariakoo, mzee. Kuna mteja anachemsha, anakunywa."

Nikachukua jani moja, nikalipangusa kwa kitambaa cheupe cha vikombe. Kitambaa kikabaki na mstari mweusi unaonata. Vumbi la kawaida ukilipuliza linaruka. Haya ni masizi ya dizeli, na hata sabuni ilihangaika nayo.

Kijana akacheka. "Lakini mti si mzima? Ungekuwa na sumu ungekauka."

Hapo ndipo tunapokosea. Mwarobaini ni mvumilivu kweli. Huko India, tangu 1983, watafiti wana kipimo cha jinsi mti unavyohimili moshi: wanaangalia vitamini C ya jani, ukijani wake, maji yake na asidi yake. Yote manne yanahusu uhai wa mti. Mnywaji hayumo. Tena jani linalonasa masizi linatupunguzia sisi wapita njia. Ndiyo kazi yake, na uchafu wenyewe linabaki nao.

Na si mwarobaini tu. Kivumbasi, chenye vinyweleo, hunasa vumbi zaidi. Mchaichai wa mke wangu ulikuwa kwenye ndoo kibarazani, ghorofa ya kwanza Kariakoo, daladala zikipumulia chini yake. Tuliunywa miaka, na harufu ilikuwa tamu ile ile. Sasa ndoo iko uani.

Halafu kuna madini ya risasi. Nchi zetu zilikuwa zimeachana na petroli yenye madini hayo kufikia 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kwenye udongo wa kando ya barabara inakaa humo, na gari likipita inapanda tena na vumbi.

Siwapigi vita wauza dawa za asili; sheria inawatambua tangu 2002, na mimi mwenyewe mteja wao. Ninachotaka ni Baraza la Tiba Asili liwabane kwa jambo moja dogo: majani yamechumwa wapi. Na Jiji liache miti ya barabarani ifanye kazi ya kivuli na ya kunasa moshi, upembo ukatazwe.

Wewe msomaji usingoje Baraza. Kesho ukiwa Kariakoo, kabla hujatoa hela, muulize muuzaji mti wake uko mtaa gani.