Keki ya chokoleti ya Arusha haihitaji zeituni ya mbali

Keki ya chokoleti inayookwa kwa mafuta ya zeituni badala ya siagi imepata wapenzi wengi mijini, na inastahili. Ni rahisi kutengeneza, haikauki upesi, na kakao ndani yake inasikika vizuri mdomoni. Hata hivyo, wema wa keki hiyo hautokani na zeituni yenyewe. Unatokana na mafuta yasiyoganda, na mafuta ya namna hiyo yanaweza kupatikana hapa hapa chini ya Mlima Meru. Parachichi linazaa katika vihamba vya migomba na kahawa, Tengeru, Akheri, Poli hadi Nkoaranga. Mwokaji wa Arusha anayetaka keki nzuri ya chokoleti aachane na majarini, achukue mbinu ya watu wa Bahari ya Kati, lakini mafuta atafute nyumbani.

Tuanze na baridi, maana ndiyo inayosahaulika. Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima wenye urefu wa mita 4,566. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yanaweza kuufunika Meru tangu asubuhi, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Kule juu, Ilboru na Ngaramtoni, baridi ni kali zaidi. Mtu anayenunua mafuta ya kula kwa kupimiwa dukani anajua kinachotokea miezi hiyo: mafuta ya mawese yanaganda kwenye ndoo hadi yanakuwa meupe, na muuzaji anayachota kwa kijiko au anayaweka juani kwanza. Ndoo ya alizeti iliyo pembeni yake inabaki vile vile, maji matupu. Yanayotokea ndani ya ndoo ndiyo yanayotokea ndani ya keki. Majarini nyingi zinatengenezwa kwa mawese, nazo huganda upya keki inapopoa. Siagi ya maziwa nayo haina tofauti. Keki iliyotoka jikoni ikiwa laini saa kumi jioni inakuwa ngumu asubuhi, na mlaji anadhani imelala siku tatu. Ile ya mafuta inabaki laini hata katikati ya Julai, kwa kuwa kilichomo ndani yake hakikuganda. Ladha nayo inafuata njia hiyo hiyo. Mafuta yaliyoganda huchelewa kuyeyuka mdomoni na huifunika kakao, wakati yale yaliyo majimaji huiachia ladha mara moja.

Mwinuko nao una yake. Arusha maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi inayotolewa na bekingi pauda hutanuka kupita kiasi. Keki inapanda haraka kabla haijaiva, kisha inabonyea katikati. Unyevu pia hukimbia mapema. Wengi huilaumu oveni au unga, kumbe kosa ni kufuata vipimo vya pwani bila kuvigusa. Kupunguza soda au bekingi pauda kwa robo na kuongeza kimiminika kidogo kunatosha kurekebisha mengi. Mafuta yanasaidia zaidi hapa, kwa sababu majarini ya kuokea ina mafuta kama asilimia 80 tu na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji, ambayo huondoka na mvuke. Mafuta ya maji ni mafuta matupu, hayapotei kwenye joto la oveni, na huzizunguka chembe za unga zisikamatane na kuwa kama mkate. Ndiyo maana pia haifai kubadilisha gramu kwa gramu. Mahali palipoandikwa gramu 250 za majarini, gramu 200 za mafuta zinatosha. Wanaolalamika kwamba keki ya mafuta inanata vidoleni mara nyingi hawakufanya hesabu hiyo.

Iko sababu nyingine, na pengine ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa mama anayeoka nyumbani ili auze. Keki ya siagi inadai siagi na sukari vichapwe muda mrefu mpaka vijae hewa. Kazi hiyo inataka mashine, na mashine inataka umeme usiokatika. Keki ya mafuta inataka bakuli mbili na mwiko. Chukua gramu 50 za kakao, zimiminie mililita 150 za kahawa ya moto, koroga hadi mabonge yaishe. Joto hilo huiamsha kakao, na kahawa ya arabika inayolimwa kwenye miteremko ya Meru huipa kina ambacho maji peke yake hayawezi kutoa. Ikishapoa kidogo, ongeza mililita 120 za mafuta, mililita 120 za mtindi, mayai mawili na gramu 200 za sukari. Mimina kwenye gramu 200 za unga wa ngano uliochekechwa pamoja na chumvi kidogo na robo tatu ya kijiko cha chai cha bekingi soda. Uchachu wa mtindi ndio utakaoiamsha soda. Rojo litakuwa jepesi, karibu kama uji, usishtuke ukaongeza unga. Dakika 35 hadi 40 kwenye oveni ya nyuzi 180 zinatosha. Asiye na oveni atumie sufuria nzito na jiko la mkaa, moto mdogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko, kama zilivyookwa keki nyingi nchini tangu zamani.

Sasa zeituni. Mlima wetu una ndugu zake wa porini. Misitu ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hasa kuzunguka kreta ya Ngurdoto, ina miti ya jamii ya mzeituni, na mzeituni mwitu ambao Wamaasai huuita oloirien hutoa vijiti vinavyotumika kusafisha na kufukiza vibuyu vya maziwa. Matunda yake lakini ni madogo, mbegu tupu na nyama kidogo, hayakamuliki kwa faida. Mzeituni wa mafuta wa Hispania au Tunisia ukipandwa huku unaweza kustawi majani bila kuzaa, kwa sababu mti huo hutegemea majira ya baridi ya miezi kadhaa ili utoe maua, na sisi karibu na ikweta hatuna majira hayo. Kwa hiyo zeituni ya chakula itaendelea kutoka nje, na bei yake itaendelea kuamuliwa na mvua ya Andalusia. Msimu wa 2022/23 ukame uliangusha uzalishaji wa Hispania, nchi inayoongoza duniani, kwa zaidi ya nusu, na mwanzoni mwa 2024 tani moja ya mafuta ya daraja la juu ilikuwa ikiuzwa huko kwa takriban euro 9,000. Mwokaji anayeuza keki Sakina au Kijenge hawezi kupanga bei zake juu ya jambo hilo. Tena ile chupa ndogo ya zeituni inayouzwa kwenye duka la dawa mara nyingi ni ya kupaka ngozi. Asome kibandiko kabla ya kuitia kwenye chakula.

Parachichi linafanana na zeituni kuliko watu wanavyodhani. Yote mawili hutoa mafuta kutoka kwenye nyama ya tunda, tofauti na alizeti, pamba au ufuta vinavyokamuliwa mbegu. Nyama ya parachichi aina ya Hass lililokomaa vizuri inaweza kuwa na mafuta kati ya asilimia 15 na 25, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi ya oleiki, ile ile inayotawala kwenye zeituni. Harufu yake ni ya kijani kidogo, na ndani ya kakao haionekani. Tunda lenyewe tunalo. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI Tengeru imeshughulikia mazao ya bustani kwa miaka mingi, na TAHA, chama cha wadau wa kilimo cha bustani nchini, kina makao yake Arusha. Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuingiza parachichi letu katika soko la China. Ni habari njema, lakini soko la nje huchagua. Linataka umbo, ukubwa na ngozi isiyo na alama. Tunda lenye kovu hubaki, huishia soko la Kilombero mjini au kwenye gulio la Tengeru la Jumatano na Jumamosi likiuzwa kwa bei ya kutupa, na msimu ukikolea huozea chini ya mti. Mafuta hayaulizi tunda lina kovu au halina. AvoMeru, kampuni ndogo iliyochipuka Meru, imeonyesha kwamba parachichi la wakulima wadogo linaweza kukamuliwa papa hapa bila kiwanda kikubwa.

Pingamizi la kwanza ni bei, na ni la haki. Mafuta ya parachichi bado ni ghali, hayapatikani kila duka, na kuna chupa zake ambazo hazitofautiani sana kwa bei na zeituni. Jibu langu si kumwambia mwokaji ajifunge mkanda. Leo atumie alizeti iliyosafishwa ya Singida au Dodoma, ambayo kwa ulaini wa keki haina upungufu wowote. Parachichi atumie keki inapolipa. Alizeti ina sababu yake ya kitaifa pia. Nchi imekuwa ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula, hasa mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na mwaka 2022 tuliona gharama ya utegemezi huo: vita vya Ukraine vilianza Februari, na Aprili Indonesia ikasimamisha kwa wiki kadhaa kuuza mawese nje. Bei zilipanda hadi kwenye kikaango cha muuza chapati. Serikali ilikuwa imeshatangaza Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kimkakati ya alizeti. Kila keki inayohama kutoka majarini kwenda alizeti ni mteja mmoja zaidi kwa mkulima wa mikoa hiyo. Tahadhari ni moja: alizeti ya kukamua mashineni isiyosafishwa ina harufu kali, nzuri kwa mboga na mbaya kwa keki.

Wapo watakaosema keki ya mafuta haifai kwa sherehe. Wana sehemu ya ukweli. Keki ya ghorofa tatu ya send-off au ya harusi, itakayobebeshwa krimu nzito na kusafirishwa kutoka Njiro hadi Usa River, inataka mwili mgumu, na hapo siagi inashinda. Lakini keki nyingi zinazookwa Arusha si za ghorofa. Ni za siku ya kuzaliwa, za kipaimara, za ofisini, za vipande vinavyouzwa na chai. Isitoshe, katika sherehe nyingi za huku wageni huletewa ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, na ndiye anayekatwa kwa heshima ya keki. Keki ya chokoleti inayomfuata haina haja ya kushindana naye kwa urefu, inatakiwa tu iwe tamu na laini.

Hoja ya afya naipita haraka, kwa kuwa hutumiwa vibaya. Ni kweli mafuta ya parachichi na zeituni yana mafuta magumu machache kuliko siagi au majarini ya mawese. Ila gramu 200 za sukari zinabaki gramu 200 za sukari. Anayeuza keki akiiita dawa ya moyo kwa sababu ina zeituni anamdanganya mnunuzi, na mwenye kisukari asimsikilize.

Kinachohitajika sasa ni watu na taasisi tulizonazo kukutana. Chuo cha hoteli na utalii cha VETA kipo Njiro. Kiwafundishe wanafunzi keki ya mafuta kwa vipimo vya mita 1,400, wasibaki kunakili vipimo vya nchi nyingine. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TARI Tengeru ziwasaidie wakamuaji wadogo wa parachichi kupata mashine, vifungashio na nembo ya ubora ya TBS, ili bei ishuke kwa wingi wa mafuta yenyewe. Hoteli za mjini zinazompa mgeni keki ya chokoleti baada ya kushuka Meru ziandike kwenye orodha ya vyakula kwamba imeokwa kwa parachichi la mlima huo huo, na zimlipe mkulima ipasavyo. Na wewe unayeoka nyumbani, mwezi huu nunua chupa moja ya alizeti iliyosafishwa, pima vizuri, punguza soda, na umpe jirani kipande siku ya pili asubuhi, kabla hujamwambia umeioka kwa nini.