Risala ya Wakulima wa Mwani wa Pwani ya Mashariki ya Unguja kwa Serikali, Wanunuzi na Viwanda vya Karajinani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Serikali na masheha wetu,
Wawakilishi wa kampuni zinazonunua mwani,
Wageni wetu kutoka viwanda vya viambato vya vyakula na vinywaji,
Wakulima wenzetu,



Tumeelezwa kuwa wageni wetu wanataka mwani utakaopatikana miaka mingi ijayo bila kuharibu bahari wala kumdhulumu mtu. Nia hiyo tunaipokea kwa mikono miwili. Mnyororo wa ugavi wa mwani huo unaanzia ndani ya maji, tunaposimama sisi, kwa hiyo tunaomba tusikilizwe malalamiko yetu na madai yetu.

KAZI YETU

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Njia ilikuwa imefunguliwa na utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wetu ni wanawake. Bahari inapokupwa wakati wa bamvua, tunashuka na kamba, tunafunga vipande vya mbegu kwa taitai, yaani vikamba vidogo vya kufungia, na kuzitandaza kamba baina ya vigingi. Baada ya wiki sita hivi tunavuna, tunabeba na kuanika. Kilo saba au zaidi za mwani mbichi zikikauka hubaki kilo moja.

Fedha ya mwani imewapeleka watoto wetu skuli, imeezeka nyumba zetu, na imempa mwanamke wa pwani hii pesa iliyo mkononi mwake mwenyewe. Hatuikani kazi hii. Tunaidai haki yake.

Mwani wetu mwingi huondoka Zanzibar ukiwa mkavu tu, haujasindikwa. Huko nje viwanda hukamua karajinani, ile inayozuia kakao isituame chini ya maziwa ya chokoleti, inayoifanya aiskrimu isitengane na nyama ya kopo ishike maji yake. Kwenye pakiti za Ulaya huandikwa E407. Mwani mnene, kotonii, hutoa karajinani inayoganda kwa ugumu. Mwani mwembamba, spinosamu, hutoa inayoganda kwa ulaini. Kiwandani kila sifa ya mwani hupimwa. Mkulima yeye huijua bei siku anapofikisha gunia kwenye mizani.

MALALAMIKO YETU

1. Bei haitofautishi kazi nzuri na mbaya. Anayeanika kwenye chanja na anayeanika juu ya mchanga hulipwa sawa. Anayengoja mwani ukomae na anayeuvuna kabla haujakomaa hulipwa sawa. Wanunuzi hulalamika kuwa mwani wetu una mchanga na karajinani yake ni hafifu, na ni kweli mwani usiokomaa hutoa karajinani dhaifu. Lakini mama mwenye deni dukani na ada ya mtoto hawezi kungoja wiki mbili zaidi ilhali kungoja hakumwongezei hata shilingi. Bei ndogo huzaa mavuno ya haraka, mavuno ya haraka huzaa mwani dhaifu, na udhaifu huo ndio unaotajwa kuwa sababu ya bei ndogo. Mkulima peke yake hana uwezo wa kuukata mzunguko huu. Anayeuweza ni mwenye kupanga bei.

2. Hasara ya bahari tunaibeba peke yetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikitufia. Maji yakipata joto kupita kiasi, matawi hubadilika kuwa meupe, hulainika na kukatika. Huo ndio ugonjwa wa aisi-aisi. Magugu nayo huuvamia mwani na kuunyonga. Mbegu tunayopanda ni vipande vilivyokatwa kutoka mwani uleule, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo ugonjwa ukiingia hakuna aina nyingine ya kuustahimili. Tumebaki na spinosamu ya bei ya chini. Mwaka 2008 bei ya kotonii ilipopanda ghafla Asia, wengi wetu pwani hii hatukuwa na kotonii ya kuuza.

3. Vifaa hugeuka kifungo. Mnunuzi humpa mkulima kamba na taitai, naye mkulima hulazimika kumuuzia huyohuyo kwa bei anayoitaka mnunuzi. Hakuna mkataba wa maandishi, na thamani ya kamba hatuoneshwi.

4. Afya na usalama wetu havimo katika hesabu ya mtu. Tunafanya kazi tumeinama juani kwa saa nyingi, maji ya chumvi yanatuumiza macho na ngozi, tunachomwa na miba ya baharini. Tunaambiwa tuhamie maji ya kina, yenye ubaridi, ambako kotonii inaweza kuishi. Wengi wetu hatujui kuogelea, na vyombo hatuna.

5. Ufukwe unatuponyoka. Mahoteli na michezo ya utalii vinaongezeka kwenye fukwe zilezile tunazoanika na kulima. Shamba la baharini halina hati, na anayeondolewa hana pa kushitaki.

MADAI YETU

Tunadai kwa wanunuzi na viwanda:

(a) Bei itangazwe kabla ya msimu, hadharani, kwa madaraja yanayoeleweka: mwani uliokomaa, mkavu na usio na mchanga ulipwe zaidi. Kuwe na bei ya chini kabisa ambayo haitashushwa msimu mzima.

(b) Kuwe na mikataba ya maandishi kwa Kiswahili, inayoonesha gharama ya vifaa na siku deni linapoisha. Deni likiisha, mkulima awe huru kumuuzia amtakaye.

(c) Gharama za vyeti zilipwe na anayevihitaji sokoni. Kiwango cha kimataifa cha mwani cha ASC na MSC, mashirika ya vyeti vya mazao ya majini, kilitoka mwaka 2017. Tuko tayari kukifuata, lakini mzigo wa ukaguzi usishushwe hadi kwenye gunia la mkulima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

(d) Mfuko wa mbegu uchangiwe na kila tani inayosafirishwa, ili mbegu ikifa tusianze na mikono mitupu.

Tunadai kwa Serikali:

(e) Kitalu cha mbegu chini ya usimamizi wa wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, kijaribu aina zinazostahimili joto kwa kushirikiana na sisi tunaoijua bahari yetu.

(f) Boti, nyavu za mirija za kulimia maji ya kina, chanja, viatu vya baharini na mafunzo ya kuogelea, vikifika kwanza kwa wanawake.

(g) Maeneo ya kulima na kuanika yapimwe na yalindwe kisheria.

(h) Usindikaji hapa nyumbani. Tangu mwaka 2006 mtafiti Dk. Flower Msuya ameonesha pamoja na wakulima kwamba unga na sabuni za mwani vinaweza kutengenezwa Zanzibar. Tunataka hatua hiyo ikue hadi karajinani yenyewe.

AHADI YETU

Nasi tunajifunga. Tutaacha kuanika kwenye mchanga mara chanja zikipatikana. Tutangoja mwani ukomae mara ukomavu utakapolipwa. Tutakusanya taitai za plastiki zisizagae baharini, hatutakata mikoko kwa ajili ya vigingi, na tutaandika mavuno ya kila shamba ili mnunuzi ajue mwani wake umetoka wapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kila dai lijibiwe kwa maandishi, na majibu yasomwe kijijini mbele ya wakulima wote. Pale ambapo jibu ni hapana, tuelezwe sababu, tukae tena tuzungumze. Biashara itakayodumu ni ile ambayo mama wa leo anaweza kumshauri binti yake aifanye, na kwa bei na hali zilivyo sasa, wengi wetu hatuwashauri mabinti zetu.



Wakulima wa Mwani,
Pwani ya Mashariki, Unguja